Alasiri Ulizokaa Mbele ya Uwanja

Mama yangu uliyetangulia,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha pekee ambayo hapa Maskati hakuna aliyewahi kukusahihisha ukiizungumza. Ni miezi tisa sasa tangu tukuzike. Nyumba ya Azaiba bado hatujaipangisha. Naenda kila Ijumaa, nafungua madirisha, namwagilia miti yako, kisha narudi kwangu. Silii sana. Unanijua, kilio changu huja mara moja kikesha. Lakini kuna jambo ambalo sijaacha kulifikiria, nalo ni lile lililotukalisha mimi na wewe pande mbili za meza moja. Kwa nini wewe, mwanamke wa miaka sabini na mbili, mpiga taipu mstaafu, uliyekuwa unaona haya hata kumrudishia muuza samaki samaki aliyeoza, uliingia katika kundi la wanawake waliotaka tamasha letu lisifanyike?

Nimeamua barua hii isomwe na wengine pia. Wako wengi wanaokaa mezani na mzazi, au na ndugu, aliyejiunga na watu wanaotaka mambo yarudi yalivyokuwa, nao wanajiuliza nini kimempata. Mimi nilijiuliza hivyo hivyo, na kwa muda mrefu nilidhani jibu ninalo.

Ulikuja Maskati kutoka Unguja ukiwa na miaka ishirini na mbili, na sanduku moja na cheti cha kupiga taipu kwa Kiingereza. Nchi ilikuwa inajengwa, watu wenye Kiingereza walikuwa wakitafutwa, na wiki ya tatu tu ukawa umeshaajiriwa wizarani. Kiingereza kikakupa meza na mshahara, na baadaye, pamoja na baba, nyumba. Kiarabu ndicho kilichokushinda. Qurani ulikuwa unaisoma vizuri tangu utoto, lakini Kiarabu cha watu, cha ofisini na dukani, hakikukubali kukaa mdomoni mwako. Kiswahili chetu hakimtenganishi mume na mke. Anakuja ni anakuja. Kiarabu kinataka ujue kila mara unayesema naye ni mwanamume au mwanamke. Mwezi wako wa kwanza kazini ulimwambia mkuu wa idara "inti", kama anavyoambiwa mwanamke, na chumba kizima kikaangua kicheko. Miaka mingi baadaye watu wa idara ile walikuwa bado wakikuita "Inti" kwa utani, nawe ukicheka nao. Ulinihadithia kisa hicho mara mbili. Mara ya kwanza ulikihadithia kama kichekesho. Mara ya pili hukucheka.

Nami sikuwa na huruma zaidi ya wao. Nilipokuwa mdogo nilikuwa mkalimani wako. Tukienda sokoni Matrah au hospitali, ulininong'oneza kwa Kiswahili, mimi nikasema kwa sauti kwa Kiarabu. Siku moja, mkutano wa wazazi shuleni, mwalimu wangu alikuuliza swali nawe ukaanza kulijibu mwenyewe. Nikakukatiza. Nikalijibu upya, vizuri zaidi, huku nikimtazama mwalimu na wewe nikikupa bega. Nilikuwa na miaka tisa. Njiani kurudi ulininunulia juisi ya embe ukaniambia, "Kiarabu chako kizuri mwanangu, mashallah." Sikumbuki kama ulisema neno jingine lolote siku ile.

Baba akafariki. Kaka Suleiman akaoa huko huko Uingereza alikokwenda kusoma. Mimi nikahamia fleti karibu na kazini, na kazi yenyewe ikawa katika kampuni inayoandaa maonyesho na sherehe. Wewe ukabaki Azaiba katika nyumba yenye vyumba vitano, na mwendo wa dakika tano kutoka getini kwako kuna ule uwanja wa mchanga ulio karibu na pwani. Kampuni yetu ilipopata kibali cha kufanya tamasha la siku tatu pale, la muziki na vyakula, mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote. Nilidhani utakuja kututazama.

Mwaka ule wa kwanza hukuja. Siku ya pili ya tamasha ulitaka kutoka kwenda kumpa pole rafiki yako aliyefiwa, ukakuta gari limeegeshwa mbele ya geti. Kijana mwenye gari alikuwa amesimama na wenzake. Ukamwomba kwa Kiarabu alisogeze. Akalisogeza, lakini kabla ya kuingia garini aliwageukia wenzake akarudia maneno yako, kwa lafudhi yako, na wakacheka. Ukarudi ndani. Ijumaa yake, mezani, uliniambia, "Yule kijana kaniigiza."

Nakumbuka nilichokujibu. Nilisema, "Mwaka ujao nitawaambia waweke koni za barabarani mbele ya geti."

Mwaka uliofuata, mara tu lilipotangazwa tamasha, Umm Majid alitoa viti vyake nje. Umm Majid ni jirani yako ambaye nyumba yake inatazamana na uwanja, mwanamke mnene wa makamo, mjane kama wewe, anayesomesha darsa ya wanawake kila Jumatatu. Ulikuwa umeanza kwenda kwenye darsa hiyo miaka miwili nyuma. Kila siku baada ya sala ya alasiri viti kumi na kitu vya plastiki vilipangwa ukutani kwake, na wanawake wakaja kukaa, wakiutazama uwanja, mpaka magharibi. Hamkuwa na jina, bango wala kipaza sauti. Mwanamke kukaa mbele ya nyumba ya jirani yake akanywa kahawa si kosa popote, na hilo Umm Majid alilijua vizuri. Kila apitaye mlimpa kahawa, na pamoja na kahawa mlimpa karatasi ya kutia saini. Mlitaka tamasha lihamishwe mbali na msikiti na majumba ya watu, na kwamba vijana wa kike na wa kiume wasisongamanishwe mbele ya jukwaa. Baadhi yenu hamkutaka muziki kabisa, uwe mbali au karibu. Nilikuja kujua kuwa wewe ulikuwa katika hao.

Niligundua uko pale kwa macho yangu. Nilikwenda na mafundi kupima uwanja, nikaona upande wa pili safu ya mabuibui meusi. Mmoja amekunja miguu yote miwili juu ya kiti, kama yuko kitandani kwake. Hakuna mwanamke wa Maskati anayekaa hivyo isipokuwa wewe. Ulinipungia mkono. Mafundi wakauliza, "Wale ni nani?" Nikasema, "Majirani." Ilikuwa kweli.

Nilimpigia simu Suleiman. Tulizungumza nusu saa nzima kuhusu wewe kama madaktari wawili juu ya mgonjwa aliyelala. Yeye alisema, "Ni upweke tu huo. Mtafutie msichana wa kazi kutoka Tanzania, apate mtu wa kuzungumza naye Kiswahili." Mimi nilisema ni darsa, wamekulisha maneno. Yeye akasema wazee wote siku hizi wako hivyo, hata huko aliko, jirani yake Mwingereza kila Jumamosi anakwenda kuandamana na bendera dhidi ya kila kitu kilichoanza baada ya ujana wake. Tukaafikiana kwamba nizungumze nawe.

Nilikukuta jikoni unachambua mchele.

"Mama, wale wanawake wanakutumia," nilikwambia.

"Wananitumia nini? Mie nna nini cha kutumiwa?"

"Saini yako. Wanataka waonekane wengi."

"Basi mie ni mmoja katika hao wengi. Wengi ndivyo wanavyopatikana, mmoja mmoja."

"Ni kwa sababu ya yule kijana wa gari?"

"Yule alinikera. Lakini si yeye aliyenipeleka pale."

"Ni kwa sababu uko peke yako humu ndani?"

Ukaweka sinia chini. "Rahma, waniuliza kama daktari. Wanibonyeza huku na huku kutafuta panapouma. Mie siumwi. Nimekwambia jambo naliona si sawa, nawe badala ya kunijibu kuwa ni sawa, wanitafutia maradhi."

Nikakuuliza basi, kwa nini si sawa.

"N'likuwa na miaka kumi na miwili mji wetu ulipogeuka," ulisema. "Wakubwa wetu wote, watu wa maana, walikuwa wamekaa barazani wakisema, haya yatapita. Kila siku, yatapita. Hayakupita. Tukaondoka sisi. Usinijibu haraka, najua muziki wenu si kama yale, mie si mjinga. Nasema hivi: mtu akiona pahala pake pageuka, anyanyuke aseme. Wakimsikiliza, wakimkataa, kashasema. Mie sikai tena nikasubiri yapite."

"Na huo muziki? Si wewe uliyekuwa ukiimba humu humu jikoni?"

"N'liimba. Sasa nimesoma, nimejua n'lokuwa silijui. Ati kwenu nyinyi wasomi, mtu mzima haruhusiwi kujua jipya?"

Ukaendelea kuchambua mchele. Nilikula, nikaosha vyombo, nikaondoka. Garini nilijiambia kwamba nimepata jibu: hofu ya utotoni. Nikampigia Suleiman kumweleza, naye akasema inaingia akilini. Sikuona wakati ule kwamba nilikuwa nimefanya tena kile kile ulichonilalamikia.

Wiki tatu baadaye ofisi inayohusika ikaita pande zote. Asubuhi, chumba cha mikutano kikubwa chenye meza ndefu na chupa ndogo za maji. Upande mmoja tuliketi watatu: mkurugenzi wangu, ambaye ni mtu wa kuja na hajui Kiarabu, mhandisi wa jukwaa, na mimi niliyekuwa nikimfasiria mkurugenzi. Upande wa pili mliketi wanawake sita. Tulikuwa tumesalimiana sote mlangoni kwa jumla, salamu moja ya watu wengi, wewe na mimi hatukushikana mikono. Mkuu wa kikao, mwanamume mpole mwenye ndevu nyeupe, akampa Umm Majid nafasi. Nilitarajia hotuba. Umm Majid akasema maneno machache tu ya shukrani, kisha akasema, "Atakayeeleza ni Zuwena."

Ukasimama. Sikuwahi kukuona ukizungumza mbele ya watu katika maisha yangu yote. Ulianza kwa bismillah, ukamgeukia mkuu wa kikao kwa adabu, na neno la kwanza ulilomwambia yule mzee mwenye ndevu likawa "inti".

Niliinamisha uso kwenye daftari langu. Nikangoja kicheko. Hakikuja. Wale wanawake watano walikutazama kwa utulivu kama watu wanaosikiliza khutba, na mzee mwenyewe aliinama kidogo mbele ili akusikie vizuri. Ukaendelea. Ulisema umeishi mtaa ule miaka thelathini na mmoja. Ulisema barabara ilipopanuliwa hamkuulizwa, mkanyamaza kwa sababu barabara ina manufaa. Ulisema jirani hupiga hodi kabla ya kuingia, na kelele nayo ni mgeni, lakini hii yetu haikupiga hodi, imeingia hadi chumba cha kulala na msikitini. Ukasema kuna yaliyo haramu kwako ambayo hutaki kumlazimisha mtu mwingine, lakini na wewe usilazimishwe kuyasikia kitandani kwako. Vitenzi vyako vilikuwa vimepinda, wanaume umewafanya wanawake na wanawake wanaume. Lakini hakuna aliyekosa kukuelewa.

Mkurugenzi wangu alikuwa akingoja tafsiri. Badala ya kuuliza umesema nini, alininong'oneza kwa Kiingereza, "Huyu mama mbona Kiarabu chake kinasikika tofauti na cha wenzake? Ni mwenyeji kweli? Unamjua?"

Nami nikasema, kwa Kiingereza, "Hapana, simjui. Nimemwona tu pale uwanjani."

Nilisema kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kimya, na ulikuwa hatua nne kutoka kwangu. Na Kiingereza, Mama, wewe ndiye uliyekipigia taipu miaka thelathini. Ulisita katikati ya sentensi. Ulitafuta neno. Kisha ukalipata, ukamaliza, ukakaa.

Nimejaribu kuwa mkweli kuhusu kwa nini nilisema vile. Mwanzo nilijiambia niliogopa kazi yangu. Si kweli. Mkurugenzi angecheka tu, pengine angeniomba nikulete upande wetu kwa chai. Nikajiambia nilikuwa napinga msimamo wako. Nao huo si ukweli, maana yule kijana mhandisi, ambaye haamini chochote, sikuwahi kumkana kwa msimamo wake. Niliona haya ya Kiarabu chako. Basi. Nilikuwa mwanamke wa miaka arubaini na moja na bado nilikuwa nimesimama mbele ya mwalimu wangu nikikupa bega.

Mlishinda. Wiki mbili baadaye tamasha likahamishiwa kwenye kiwanja nje ya mji, na kwa hakika lilifana zaidi kule, maana palikuwa na nafasi ya magari. Mimi nilisifiwa kwa kuwa mtulivu katika kipindi kigumu. Viti vya Umm Majid vikarudishwa ndani. Na Ijumaa iliyofuata nikaja kula kama kawaida, ukaniwekea kichwa cha samaki, ukaniuliza, "Kazi vipi?"

"Nzuri."

"Alhamdulillahi."

Tulikuwa na Ijumaa ishirini baada ya hapo. Nimezihesabu kwa kalenda ya simu. Ishirini, na katika hata moja sikukifungua kinywa changu kuhusu lile neno, wala wewe. Tulizungumza juu ya watoto wa Suleiman, juu ya shinikizo lako la damu, juu ya bei ya nguru. Kisha moyo wako ukasimama asubuhi ya Jumanne, ukiwa umetoka kusali, na aliyekukuta ni Umm Majid, kwa kuwa ulikuwa umechelewa kumpelekea vitumbua ulivyomwahidi.

Waliokuosha ni yeye, wenzake wawili, na mimi. Walijua kazi yao, hawakuniambia fanya hiki wala kile, walinipa tu nafasi upande wa kichwa chako. Siku tatu za msiba hawakuniacha nipike. Nyumba ilijaa. Nilikuwa nikikaa pembeni nikiwasikiliza wakikutaja, "Zuwena wetu", na nikapata jibu langu la tatu, lile lililonitosha. Nilijiambia: hawa ndio watu wa kwanza katika nchi hii ambao hawakumcheka. Miaka hamsini alikuwa akitafuta mahali ambapo angefungua mdomo na watu wakasikia alichosema badala ya alivyokisema. Wangekuwa wanapinga mvua, angepinga nao mvua. Mtu akilinda mila, hakuna anayemuuliza alizaliwa wapi. Nilimwandikia Suleiman hivyo, na alisema amelia alipousoma ujumbe.

Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa na huruma ndani yake, na lilinifanya nikusamehe msimamo wako, kana kwamba uliniomba nikusamehe.

Wiki iliyopita Umm Majid alinipigia simu, akaniomba nipite kwake baada ya alasiri. Nilimkuta peke yake sebuleni, kahawa na tende tayari. Yeye huzungumza Kiarabu tu, kwa hiyo haya nayaandika kwa Kiswahili changu. Alisema umefunguliwa mkahawa karibu na msikiti, wanacheza muziki mpaka wakati wa sala, na wenzake wanataka kuandika barua kwa mwenyewe. "Wewe una maneno," alisema. "Tuandikie."

"Siwezi, khala," nilimwambia. "Sioni ubaya wa mkahawa huo. Sikuafikiana nanyi wakati ule, na sikuafikiana na mama yangu."

"Najua. Alitwambia. Alisema binti yake akishika lake haachii." Hakukasirika. Akanimiminia kikombe cha pili.

Sijui kwa nini nilimwambia yeye na si mtu mwingine. Nilimweleza kuhusu kile kikao. Nilimwambia nilichoulizwa na nilichojibu, neno kwa neno, na sababu yake. Nikamwambia kwamba ninawashukuru, kwa sababu nilichokunyima mimi, wao walikupa. Nilimwambia nimeshaelewa kwa nini ulikaa nao: wao hawakukucheka.

Umm Majid akaweka kikombe chini.

"Lile neno tulilisikia," akasema. "Mmoja wetu anajua Kiingereza. Garini alikuwa na hasira, akataka kukutaja kwa ubaya. Zuwena akamwambia, 'Mwache. Alikuwa kazini.' Hatukulizungumza tena."

Nikadhani amemaliza. Nikataka kunyanyuka.

"Kaa," akasema. "Na hilo jingine ulilosema si kweli. Tulimcheka."

Akanieleza bila kujitetea. Miaka yako miwili ya kwanza kwenye darsa, ukishaondoka, walikuwa wakikuigiza. Si kwa chuki, alisema, lakini walikuwa wakikuigiza, na aliyekuwa hodari kuliko wote kwa kukuigiza ni yeye mwenyewe, mwalimu. Siku moja, wakati wa ile mikao ya viti, uliaga, ukafika njiani, ukarudi kuchukua miwani yako. Umm Majid alikuwa amesimama katikati ya wenzake, amekunja shungi kama lako, anasema kama wewe. Wenzake walikuona kabla yake. Alipogeuka ulikuwa umesimama nyuma yake.

"Alifanya nini?" nikauliza.

"Alichukua miwani yake. Akasema, 'Hapo kwenye herufi ya qaf umekosea, mie siisemi hivyo.' Akaaga mara ya pili, akaenda zake. Usiku ule sikulala. Nilijua hatarudi, na saini alikuwa amezikusanya yeye zaidi ya nusu. Nikasema, tumempoteza, na ni mimi." Akafuta macho kwa ncha ya shungi. "Kesho yake alasiri nikatoka kupanga viti, nikamkuta ameshafika. Ameshajipangia chake. Akaniambia, 'Umechelewa, Umm Majid, watu wanapita na karatasi haina kalamu.'"

Nilimuuliza kama mliwahi kulizungumza baadaye.

"Nilimwomba msamaha. Akaniambia, 'Nimekusamehe, lakini mie sikuja hapa kwa ajili yako.'"

Basi, Mama, na jibu langu la tatu limekwenda na maji. Hukukaa pale kwa kuwa walikustahi. Ulijua hawakukustahi, na ukarudi kukaa. Hukuwa unafukuzwa na upweke wala na kicheko cha idara, wala na yule kijana wa gari, ingawa yote hayo yalikuwapo, na sisemi hayakukugusa. Ulikaa pale kwa sababu ulikuwa na rai, na uliniambia rai yenyewe jikoni kwa lugha ninayoifahamu kuliko zote, nami nikaichukua kwenda kuipima kama damu.

Bado sikubaliani nawe. Naandika hili bila uchungu wowote. Nadhani mlikosea kuhusu wale vijana, nadhani wengi wao walikuja kusikiliza nyimbo na kula mishikaki na wakarudi makwao wazima. Nadhani mtu anaweza kusali na kuimba siku moja. Tamasha la mwaka huu ninaliandaa mimi, na barua ya mkahawa sikuiandika. Umm Majid hakunisihi. Aliniambia ataiandika mwenyewe, na kwamba mlango wake uko wazi nikitaka kuja kumpinga.

Nimekwenda mara mbili sasa. Mara ya pili tulibishana mpaka wakaadhini magharibi, sauti zetu zimepanda, na nilipotoka shingo ilikuwa inaniuma na nilikuwa, ajabu, nimepumzika. Wakati wote nilikuwa nikifikiria Ijumaa zetu ishirini za kichwa cha samaki na bei ya nguru. Ulikuwa pale mezani, mzima, na hoja zako zote, unaningojea nikupinge. Ukimya wangu tu ndio ningeubadilisha, si maoni yako. Ningekujibu, Mama. Ningekujibu hoja kwa hoja mpaka chakula kipoe, na kama ungenishinda ningekuchukia kidogo nikaja tena wiki inayofuata.

Na lile nililolisema kikaoni, uliliita kazi. Halikuwa kazi. Wewe ulijua halikuwa kazi, ulinifichia tu mbele za watu, kama mzazi anavyomfichia mtoto. Nakuandikia hapa, wazi, ili usinifichie tena.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na akukutanishe na baba. Ijumaa nitakuja kufungua madirisha.

Ni mimi binti yako, unayenijua na ninayekujua,

Rahma